Anzia kwenye bomba, usianzie kwenye jenereta

Swali: Shikamoo mhandisi. Nina nyumba ya familia na kiwanda kidogo cha sabuni chenye boila moja, kompresa, pampu na vichanganyio vinavyoendeshwa na mota. Bili ya umeme na ya mafuta inapanda kila mwaka. Mwenzangu kwenye biashara anataka tununue jenereta kubwa zaidi pamoja na paneli za sola. Anasema habari za kubana matumizi ni ubahili, na kwamba akiba yake ni senti za kuokota. Mimi nasikia watu wakiusifia ufanisi wa nishati, lakini zaidi ya kuzima taa sijaona faida yake. Nani kati yetu yuko sahihi, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna neno ambalo limewagharimu sana watu niliowatembelea kazini, nalo ni "ubahili". Mwenzako anadhani kuongeza ufanisi ni kujinyima. Kujinyima ni kukaa gizani ili usilipie taa. Ufanisi ni kupata mwanga uleule kwa umeme kidogo. Mtu akiyachanganya mambo haya mawili hununua jenereta kubwa ili alishe hasara zake.

Hakuna anayetaka umeme kwa ajili ya umeme. Nyumbani unataka mwanga, maji ya moto, chakula kilichoiva na chumba kisichochosha mwili. Kiwandani unataka mafuta na soda kali vichanganyike, vipate joto linalotakiwa, kisha visukumwe hadi kwenye kalibu. Umeme na dizeli ni njia tu ya kufika huko. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utapata wapi nishati zaidi, uliza kazi yenyewe inahitaji kiasi gani, na kinachobaki kinapotelea wapi.

Tuifuate kazi moja, ya kusukuma majimaji kwenye bomba, kutoka mwanzo wake hadi mwisho. Namba hizi ni za mfano, lakini ni za kawaida kabisa. Tuseme kituo cha umeme kinachoma makaa ya mawe yenye nishati ya 100. Kituo cha kawaida cha makaa hugeuza kama theluthi tu ya joto hilo kuwa umeme, basi tunabaki na 35. Nyingine imetoka na moshi na maji ya kupozea mitambo. Njiani, kwenye nyaya na transfoma, sehemu ya kumi inapotea, na kwenye mita yako inafika 31 na nusu. Mota inageuza asilimia 90 ya hiyo kuwa mzunguko, sasa ni 28. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 70 inakuachia karibu 20. Lakini mtambo wako hauhitaji mtiririko wote wa pampu, basi fundi ameifinya valvu, na theluthi nzima inaishia hapo: 13. Mabomba nayo ni membamba na yana kona nyingi, yanakula robo ya kilichobaki. Kazi iliyofanyika mwisho wa safari ni 10 kati ya 100.

Sasa isome hesabu hiyo kinyumenyume. Ukipunguza mzigo wa 1 pale mwisho, kwenye bomba, umeepusha 10 kule kwenye makaa. Hasara zote za njiani zilizokuwa zinakukandamiza sasa zinafanya kazi upande wako. Hapa ndipo namkosoa mwenzako. Si kwamba jenereta na paneli ni mbaya, bali ameanzia upande ambao kila kitu ni kikubwa na cha gharama. Akianzia kwenye bomba, pampu itakayotakiwa ni ndogo, mota itakuwa ndogo, nyaya zitakuwa nyembamba, na jenereta yenyewe haitalazimika kuwa kubwa.

Na bomba lina siri ambayo mafundi wengi hawaijui. Msuguano ndani yake hushuka kwa kasi kubwa mno linapopanuka. Ukiongeza kipenyo mara mbili huku mtiririko ukibaki uleule, msuguano hubaki kama sehemu moja ya 30 ya ule wa awali. Sikushauri ung'oe mabomba yote leo. Ila siku ya kubadilisha kipande kilichooza, weka kinene zaidi, kinyooshe, na ubadilishe kona kali kwa mkunjo mpana. Tofauti ya gharama utailipa mara moja, na msuguano ulioupunguza hautarudi tena.

Ile valvu iliyofinywa nayo naikuta karibu kila kiwanda. Kuendesha pampu kwa kasi yote kisha kuubana mtiririko ni sawa na kuteka ndoo nzima kisimani ili unywe kikombe, halafu kuimwaga iliyobaki, na kufanya hivyo kila unapopata kiu. Dawa yake ni kifaa cha kudhibiti kasi ya mota, ambacho mafundi hukiita draivu. Kwa pampu za kuzungusha na feni, nguvu inayotumika hufuata kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu. Ukipunguza kasi hadi asilimia 80, nguvu inashuka hadi karibu asilimia 51. Ukiipunguza hadi nusu, inashuka hadi sehemu moja ya nane. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona kanuni nyingine inayomlipa mwenye kiwanda haraka kama hii.

Ila usikimbilie kufunga draivu kwenye kila mota. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi lililo juu sana haitakupa akiba hiyo yote, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kushindana na kimo wala si na msuguano. Kichanganyio cha sabuni nzito nacho hakifuati kanuni hiyo. Kinataka nguvu ileile ya kukokota hata kikienda polepole. Na mota inayofanya kazi kwa mzigo kamili muda wote haihitaji draivu kabisa. Muulize muuzaji maswali haya. Asiyeyaelewa usinunue kwake.

Nije kwenye kompresa, maana hapo ndipo ninaposhuku fedha zako nyingi zinavuja. Hewa ya kompresa ndiyo nishati ghali kuliko zote ndani ya kiwanda. Unapoigandamiza hewa, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto linalotoka na kutawanyika, na kinachofika kwenye kifaa kama kazi ni takriban sehemu ya kumi tu. Pamoja na hayo, watu huitumia kana kwamba ni ya bure: kupulizia vumbi sakafuni, kukaushia vyombo, hata kujipangusa nguo baada ya kazi. Hilo la mwisho lisiruhusiwe hata siku moja, kwa sababu hewa yenye mgandamizo inaweza kupenya kwenye ngozi au kuharibu jicho.

Niliwahi kuingia kwenye kiwanda kimoja siku ya mapumziko. Mashine zote zilikuwa zimezimwa, hakuna mfanyakazi hata mmoja, ni mlinzi tu langoni. Nilitarajia kimya. Badala yake nikasikia mlio mwembamba kama wa nyoka kutoka kwenye kila ukuta, na kila baada ya dakika chache kompresa ikawaka kwa kishindo, ikajaza tangi, ikazima, ikawaka tena. Ilikuwa imefanya hivyo usiku kucha, ikitengeneza hewa kwa ajili ya matundu. Mwenye kiwanda aliponisindikiza alikuwa amepauka. Alikuwa anapanga kununua kompresa ya pili, na kumbe ile ya kwanza nusu ya siku ilikuwa inafanya kazi ya kupoteza.

Ili uone uzito wake, chukua tundu moja la milimita 3 kwenye bomba lenye mgandamizo wa bari 7. Tundu hilo linakula kama kilowati 3 hadi 4 za umeme. Kompresa ikiachwa ikiwaka mwaka mzima, hizo ni zaidi ya yuniti 25,000. Nyumba yenye balbu 10 za LED za wati 9, zikiwaka saa 5 kila siku, hutumia yuniti 164 hivi kwa mwaka. Tundu ambalo ungeweza kuliziba kwa kukaza kiungo lingewasha nyumba hiyo kwa zaidi ya miaka 150. Hizo ndizo senti za kuokota anazozisema mwenzako. Katika viwanda visivyokaguliwa, si ajabu kukuta asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote inavuja.

Kuyatafuta matundu hakuhitaji mtaalamu. Povu la sabuni linatosha, na wewe sabuni unayo. Pakaa kwenye viungo, mipira na valvu, uone wapi panatoa mapovu. Kisha angalia mgandamizo wenyewe. Wengi huweka bari 8 au 9 kwa kuwa mashine moja ya mbali ilikuwa inalalamika, wakati zote zingetosheka na 6. Kila bari moja unayopunguza inakuokolea kama asilimia 6 au 7 ya umeme wa kompresa, na mivujo nayo inapungua. Hakikisha pia kompresa inavuta hewa baridi kutoka nje, isivute ile iliyopashwa moto na mashine yenyewe chumbani.

Boila inataka maneno machache lakini mazito. Mabomba ya mvuke yaliyo uchi yanapasha moto chumba, na wafanyakazi wako wanateseka kwa joto ulilolilipia. Yavalishe kihami joto, yaani ganda la kuzuia joto lisitoroke, pamoja na valvu na maungio yake, maana hayo huachwa wazi kwa kisingizio cha matengenezo. Maji yanayotokana na mvuke uliokwisha kufanya kazi usiyamwage mtaroni. Ni moto, ni safi, na karibu hayana chumvi zinazoleta magaga, ule ukoko mgumu unaoganda ndani ya boila. Yarudishe kwenye boila, mradi uwe na uhakika hayajaingiwa na mafuta au sabuni. Kila nyuzi 6 unazoyapandisha joto maji yanayoingia kwenye boila, mafuta hupungua kwa takriban asilimia 1. Halafu pima moshi. Boila inayopewa hewa kupita kiasi inapasha hewa hiyo moto na kuitoa kwenye dohani; ikipewa kidogo mno, mafuta hayaungui yote na moshi unakuwa mweusi. Kama joto la moshi linapanda mwezi hadi mwezi, kuna masizi upande wa moto au magaga upande wa maji, na kila siku unayochelewa kusafisha unalipia.

Kuhusu mota nitakuambia jambo moja tu. Bei ya kununua mota ni sehemu ndogo sana ya gharama yake; umeme itakaoutumia maishani mwake mara nyingi ni zaidi ya asilimia 90 ya gharama yote. Kwa hiyo mota ikiungua, usikimbilie kuisuka upya mara ya tatu kwa sababu ni rahisi. Kusuka kubaya kunaweza kuishusha ufanisi kwa asilimia moja au mbili, na kwa mota inayofanya kazi saa nyingi, asilimia hizo mbili ni fedha. Mota mpya huja na alama kuanzia IE1 kwenda juu, na namba ikiwa kubwa ufanisi ni mkubwa. Kwa ile inayofanya kazi mchana na usiku, usinunue chini ya IE3. Ile inayowashwa nusu saa kwa siku iache iendelee na maisha yake. Umeme wa mota si jambo dogo hata kwa dunia: mitambo inayoendeshwa na mota hutumia takriban asilimia 45 ya umeme wote unaotumika duniani, na viwandani hufika kama asilimia 70.

Sasa twende nyumbani. Watu wote huanza na taa, na taa zina haki yake: balbu ya zamani ya wati 60 hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, na LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga uleule. Ugunduzi wa LED ya buluu, uliowezesha mwanga huu mweupe, uliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na kwa maoni yangu hakuna tuzo iliyowafaa watu wa kawaida zaidi. Badilisha balbu zako, kisha uziache taa. Kazi kubwa iko kwingine.

Iko kwenye maji ya moto. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji yuniti 2.3, hata kabla ya kuhesabu hasara za hita. Umeme huo ungewasha LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 250. Mzazi anayemgombeza mtoto kwa kuacha taa ya ukumbini ikiwaka, huku hita ya maji ikifanya kazi mchana kutwa bila mtu nyumbani, anakimbiza sisimizi huku tembo wakila shamba. Weka bafu la kunyunyiza linalotumia maji machache, valisha tangi na bomba la maji moto, na uwashe hita saa moja kabla ya kuoga badala ya siku nzima. Kama jua mnalo la kutosha, hita ya maji ya sola itakulipa mapema kuliko paneli za umeme.

Baada ya maji kuna kiyoyozi, ikiwa unacho. Hapa kanuni ya bomba inarudi: kabla ya kununua mashine ya kupoza, zuia joto lisiingie. Kivuli juu ya dirisha, upande wa nje, hufanya kazi kuliko pazia la ndani, kwa sababu jua likishapenya kioo joto limekwisha kuwa mgeni wako. Paa lililopakwa rangi nyeupe na dari yenye kihami joto vinapunguza mzigo kwa saa zile za mchana zenye kuumiza. Ukishafanya hayo, huenda feni ikatosha. Isipotosha, nunua kiyoyozi chenye inveta, kinachopunguza mwendo wa kompresa badala ya kuwaka na kuzima, na usikiweke baridi kuliko unavyohitaji.

Friji nayo inafanya kazi usiku na mchana. Kihistoria, ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, friji ya kawaida iliyouzwa Marekani ilitumia takriban yuniti 1,800 kwa mwaka. Jimbo la California, ambako mwanafizikia Arthur Rosenfeld aliupigania sana ufanisi, liliweka viwango vya lazima, kisha nchi nzima ikafuata. Leo friji mpya hutumia karibu yuniti 500 au chini ya hapo, na ni kubwa kuliko zile. Hakuna aliyekula chakula kilichooza kwa ajili ya akiba hiyo. Kihami joto kiliboreshwa, kompresa ikaboreshwa, lakiri za milango, yaani ile mipira ya kuzibia, zikaboreshwa. Wewe kagua lakiri ya friji yako kwa karatasi: ifunge mlangoni, uivute. Ikitoka bila kukaza, lakiri imechoka.

Umeuliza faida zaidi ya bili. Bili ndiyo inayoonekana haraka, lakini nyingine ndizo zilizonifanya niipende kazi hii. Mwaka 2009 New Zealand ilianzisha mpango wa kuzihami nyumba za zamani dhidi ya baridi. Hesabu zilipopigwa, faida kubwa kuliko zote haikuwa kwenye nishati iliyookolewa. Ilikuwa kwenye afya za watu waliokuwa wakiishi katika vyumba vya baridi na unyevu. Upande wa jikoni habari ni nzito zaidi. Moto wa mafiga matatu hupeleka sehemu ndogo tu ya joto la kuni kwenye chungu, na kilichobaki kinapotea hewani pamoja na moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko linalotumia nishati vizuri, liwe la umeme, la gesi au jiko sanifu lililojengwa sawasawa, linaokoa mapafu ya mama na watoto kabla ya kuokoa kitu kingine chochote. Jambo hili linaniumiza, na ningetamani kila anayezungumzia ufanisi wa nishati aanze nalo.

Kiwandani pia faida hujificha. Mota inayoanza taratibu kwa draivu haipigi mikanda wala beringi kwa kishindo, kwa hiyo inakaa muda mrefu. Boila inayodhibitiwa vizuri inakupa joto lisiloyumba, na sabuni ya leo inafanana na ya jana. Chumba kisichopashwa na mabomba ya uchi hakiwachoshi watu, na mtu asiyechoka hafanyi makosa mengi. Mwanga mzuri unapunguza ajali. Sijawahi kuona mwenye kiwanda aliyeziingiza faida hizi kwenye hesabu kabla ya kuanza, na sijakutana na yeyote ambaye hakuzitaja baada ya kumaliza.

Kisha kuna faida ya wote. Gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, hujengwa kwa ajili ya saa chache za jioni ambapo kila mtu anawasha kila kitu, na kila kilowati inayopungua saa hizo ni sehemu ya kituo kisichohitaji kujengwa. Japani ilionyesha jinsi hili linavyoweza kwenda haraka. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, watumiaji wakubwa katika maeneo ya Tokyo na Tohoku walitakiwa kupunguza mahitaji yao ya kilele kwa asilimia 15 kiangazi hicho. Kituo kipya kisingejengwa kwa muda ule, matumizi yalibadilishwa. Na pale umeme unapotokana na makaa, gesi au dizeli, kila yuniti unayoepuka inaepusha moshi wake pia. Ndiyo maana nchi zilizokutana Dubai mwaka 2023 katika mkutano wa tabianchi, COP28, zilikubaliana kuongeza maradufu kasi ya uboreshaji wa ufanisi duniani kufikia mwaka 2030, sambamba na kuongeza nishati jadidifu mara tatu.

Nisikufiche upande mwingine. Mwaka 1865 mwanauchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons, aliona kwamba injini za mvuke zilizoboreshwa hazikupunguza matumizi ya makaa ya mawe. Ziliifanya nguvu iwe rahisi, na watu wakaitumia zaidi. Hali hii ipo hadi leo. Ukiweka LED hutaona uchungu sana kuiacha ikiwaka. Sehemu ya akiba hurudi kuliwa, ila mara nyingi haiishi yote. Na kama inayorudi inampa mtoto mwanga wa kusomea ambao hakuwa nao, mimi siiti hasara. Kiwandani, amua mapema akiba itakwenda wapi: iweke kwenye matengenezo ya awamu inayofuata, isije ikayeyuka kwenye matumizi ya kila siku.

Jihadhari pia na visanduku vinavyochomekwa ukutani na kuahidi kukata bili ya nyumba kwa nusu. Ndani yake mara nyingi huwa na kapasita na taa ndogo. Kapasita hurekebisha kile mafundi wanachokiita pawafakta, yaani uwiano wa umeme unaofanya kazi na ule wote unaovutwa kwenye nyaya, na kiwandani kuna maana kuifunga ikiwa kampuni ya umeme inakutoza kwa pawafakta mbovu. Mita ya kawaida ya nyumbani haihesabu kitu hicho, kwa hiyo kisanduku hakiwezi kukuokolea unacholipia.

Sasa nirudi kwenye ununuzi anaoutaka mwenzako. Jenereta ya dizeli iliyo kubwa kuliko mzigo wake inaunguza mafuta vibaya, inajaa masizi na kuchakaa mapema. Mkiinunua kwa mzigo wa leo kisha mkaziba mivujo mwakani, mtakuwa na jenereta inayofanya kazi chini sana ya uwezo wake. Paneli na betri nazo hupimwa kwa yuniti mnazotumia kwa siku. Mkipunguza matumizi kwa asilimia 30 kabla ya kununua, mnapunguza karibu kiasi hichohicho kwenye paneli, na kwenye betri, ambazo ndizo zinazochakaa na kudai kununuliwa tena. Mwenzako hajakosea kuitaka sola. Amekosea mpangilio tu, na ukimwambia hivyo kwa upole mtaelewana.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, nenda kiwandani siku kilipofungwa. Soma mita ya umeme unapofika, na uisome tena baada ya saa moja huku kila kitu kikiwa kimezimwa isipokuwa kompresa. Wakati huohuo ipime kompresa kwa saa ya mkononi: inajaza kwa dakika ngapi, inapumzika dakika ngapi. Ikijaza 2 na kupumzika 6, basi robo ya uwezo wake inavuja. Kisha gusa mabomba ya boila kwa tahadhari, ukitumia kipimajoto kama unacho, na uandike mita ngapi ziko uchi. Ukishakuwa na namba hizo tatu, kaa na mwenzako mkapige upya hesabu ya ukubwa wa jenereta.